Mbegu za maboga, waragi na heksani: jibu kwa msomaji wa Bweyale

Msomaji wetu kutoka Bweyale, wilayani Kiryandongo, anaandika kwa niaba ya kikundi cha akina mama wanaolima maboga, sukuma wiki na doodo (mchicha). Baada ya mavuno wamebakiwa na magunia ya mbegu za maboga zilizokaushwa, na ushauri umekuwa mwingi kuliko mbegu zenyewe. Kijana mmoja amewaambia waziponde, waziloweke katika waragi, ile pombe kali ya Uganda, kwa wiki mbili, wachuje na kuuza maji yake kama dawa ya tezi dume. Mwingine amewaambia wanunue Kampala heksani, kimiminika cha viwandani cha kuyeyushia mafuta, kwa kuwa viwanda vikubwa hufanya hivyo. Swali lake ni hili: "Mwalimu, ni njia ipi inayotoa dawa yote iliyomo kwenye mbegu, na je, tunaweza kuitumia pia kwa mbegu za sukuma wiki, ambazo tumesikia zinazuia saratani?"

Dada, nakupa jibu kwanza, sababu zifuate. Hakuna njia moja inayotoa "dawa yote", kwa sababu ndani ya mbegu hamna dawa moja; mna viambata vingi vya tabia tofauti, na kila njia huvuta baadhi na kuviacha vingine. Kwa kikundi chenu ningeshauri mkamue mafuta kwa mashine bila kiyeyusho chochote, mashudu myahifadhi na kuyauza kama chakula, waragi na heksani muachane nazo kabisa, na mbegu za sukuma wiki mzipeleke shambani zikaote. Tena kuna jambo ambalo washauri wenu hawakuwaambia, nalo ni kwamba kwa shida ya tezi dume, ushahidi tulio nao unaielekea mbegu nzima inayotafunwa kuliko kitu chochote kilichotolewa ndani yake.

Tuanze na mahali viambata vinapokaa. Kiini cha mbegu ya boga, ganda likishaondolewa, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na takriban asilimia 30 ni protini. Ndani ya mafuta mna asidi ya linoleiki na ya oleiki, mna vitamini E ambayo sehemu yake kubwa ni tokoferoli ya gama, mna fitosteroli (viambata vya mimea vinavyofanana na kolesteroli) za kundi la delta-7 zinazopatikana kwa wingi katika mimea ya jamii ya maboga, na mna skwalini. Hivi vyote vinapenda mafuta na vitakwenda popote mafuta yaendapo. Nje ya mafuta, katika sehemu ile inayobaki kuwa mashudu, mna protini, mna madini (gramu 100 za viini zina takriban miligramu 7 hadi 8 za zinki na miligramu zaidi ya 500 za magnesiamu), na mna kukabitini, asidi-amino ya pekee ambayo ndiyo inayohusishwa na sifa ya kale ya mbegu za maboga ya kufukuza minyoo. Kukabitini huyeyuka katika maji, haiyeyuki katika mafuta. Kwa hiyo mtu anayeuza mafuta ya mbegu za maboga kama dawa ya minyoo anauza chupa ambayo kile anachokitaja kimebaki kwenye mashudu aliyowapa nguruwe. Ukilishika hili moja, la kwamba kipendacho mafuta hufuata mafuta na kipendacho maji hufuata maji, utaweza kuupima ushauri wowote utakaoletewa kuhusu mbegu yoyote.

Sasa waragi. Waragi ya dukani ina kileo cha asilimia 40 hivi. Inayobaki ni maji. Katika mchanganyiko huo mafuta hayayeyuki ila kwa kiasi kidogo mno. Mkijaribu mtaona kileo kikigeuka manjano yenye ukijani baada ya siku chache, na juu yake vikielea viduara vya mafuta ambavyo vimekataa kuingia. Ile rangi ndiyo huwashawishi watu kwamba dawa imetoka, ilhali kilichotoka ni rangi, sukari na sehemu ya vile vinavyopenda maji, nazo fitosteroli, ambazo ndizo huaminiwa kuwa na kazi katika tezi dume, zimebaki kwenye makapi. Mwanaume mwenye tezi iliyovimba tayari anaamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo. Kumpa pombe, ambayo yenyewe huongeza mkojo, ni kumzidishia taabu aliyokuja nayo. Na sina haja ya kukukumbusha kwamba kwa Waislamu na Walokole wa Bweyale bidhaa hiyo haitaingia nyumbani.

Hatari kubwa zaidi ni methanoli. Waragi inayopikwa vichochoroni, au spiriti ya viwandani inayouzwa kwa madumu, inaweza kuwa na methanoli, na methanoli haijulikani kwa harufu wala kwa ladha. Ikiingia mwilini hugeuka asidi ya fomiki, nayo hupofusha macho na kuua. Mwaka 2010 wilaya ya Kabale ilizika makumi ya watu waliokunywa waragi iliyotiwa methanoli. Kikundi cha akina mama kisicho na maabara hakina namna ya kujua dumu lililonunuliwa lina nini, na kwa sababu hiyo pekee, hata kama kileo kingekuwa kiyeyusho kizuri cha mafuta, ningewaambia hapana.

Heksani ni kweli hutumika viwandani, tena kwa wingi, kwa kuwa huyeyusha karibu mafuta yote na kuacha mashudu yenye asilimia 1 tu au pungufu. Lakini heksani huchemka kwenye nyuzi 69 za Selsiasi, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, na hutambaa sakafuni hadi ukutane na jiko la mkaa lililo chumba cha pili. Viwanda huifanyia kazi ndani ya mitambo iliyofungwa, huinasa tena kwa kuipooza, na huifukuza kutoka kwenye mafuta kwa mvuke wa maji. Mtu anayeivuta heksani kila siku huharibika neva za miguu na mikono, akaanza kwa ganzi na kumalizia kwa udhaifu wa misuli. Zaidi ya hayo, mafuta yaliyotolewa kwa heksani lazima yasafishwe, na usafishaji huo huondoa sehemu ya tokoferoli na fitosteroli, yaani vitu vilevile mnavyovitafuta. Kwa hiyo mngenunua hatari ili mpate mafuta mengi zaidi yenye thamani ndogo zaidi.

Ipo pia njia ya kutumia kabonidayoksaidi iliyobanwa. Juu ya nyuzi 31 na mgandamizo wa zaidi ya mara 73 ya ule wa hewa ya kawaida, gesi hii hupata tabia ya kupenya kama gesi na kuyeyusha kama kimiminika, na mgandamizo ukishushwa hutoroka yenyewe bila kuacha alama. Ni njia safi na nzuri, na mitambo yake ni ghali kiasi kwamba haiwahusu ninyi kwa sasa.

Hapa nakuja kwenye jambo nililolitaja mwanzoni. Mwaka 2015 lilichapishwa jaribio kubwa lililofanyika Ujerumani, lijulikanalo kwa jina la GRANU, lililowahusisha wanaume 1,431 wenye umri wa miaka 50 hadi 80 waliokuwa na shida za mkojo kutokana na tezi dume iliyovimba. Kundi moja lilipewa gramu 5 za mbegu za maboga mara mbili kwa siku, la pili vidonge vya dondoo, yaani viambata vilivyotolewa ndani ya mbegu hizo, miligramu 500 mara mbili kwa siku, na la tatu vidonge visivyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja, wale wa dondoo hawakutofautiana na wale waliomeza vidonge vitupu. Waliokula mbegu zenyewe ndio walioonyesha nafuu iliyozidi: asilimia 58.5 kati yao walipata unafuu wa kiwango kilichokusudiwa, dhidi ya asilimia 47.3 ya wasiopewa dawa. Tofauti hiyo si kubwa, na utaona kwamba karibu nusu ya wasiopewa chochote nao walijisikia vizuri zaidi, jambo ambalo ni la kawaida katika ugonjwa huu. Hata hivyo matokeo hayo yananifanya nikuulize swali, dada: kwa nini mhangaike kukamua na kuchuja, ikiwa mteja wenu anaweza kununua mfuko wa mbegu zilizokaushwa vizuri, akala kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, akapata kile kilichopimwa kwa watu? Nadhani nusu ya magunia yenu yangeingiza pesa haraka zaidi yakiuzwa hivyo, yakiwa yamepembuliwa na kufungwa vizuri, kuliko yakipitishwa kwenye mashine.

Nusu ya pili ikamuliwe, kwa kuwa mafuta yake ni chakula bora na yana bei. Kule Steiermark, kusini mwa Austria, wakulima wameishi kwa mafuta haya kwa vizazi, na huko hutumia takriban kilo 2.5 hadi 3 za mbegu kwa lita moja. Mbegu zao, hata hivyo, ni za aina isiyo na ganda gumu, iliyojitokeza kwa mabadiliko ya asili yapata mwishoni mwa karne ya 19. Zenu zina ganda, nalo ni kama robo ya uzito, hivyo msishangae mkihitaji kilo 4 kwa lita, au zaidi kidogo mkitumia mashine ya mkono.

Ubora wa mafuta huamuliwa siku boga linapopasuliwa, kabla mashine haijaguswa. Boga liwe limekomaa kabisa, kikonyo kimekauka, na likikaa ghalani wiki chache kabla ya kupasuliwa mbegu huzidi kujaa. Mtu mmoja aonje kipande kidogo cha nyama ya boga kabla mbegu hazijachanganywa na nyingine. Ikiwa chungu, alitupe lote pamoja na mbegu zake, kwa sababu uchungu huo ni kukabitasini (si ile kukabitini ya mbegu), sumu inayotokea maboga yanapochavushana na jamaa zake wa porini, na haiondoki kwa kupika. Mbegu zioshwe siku hiyohiyo kwa maji safi, zisilale kwenye ute wake. Zile zilizo tupu ziondolewe. Kisha zianikwe kwenye chekeche zilizoinuliwa juu ya ardhi, tabaka moja tu, zigeuzwe mara kwa mara na kuingizwa ndani kabla ya umande. Kuanika chini, hata juu ya turubai, kunazileta karibu na vumbi, na vumbi ndilo makao ya ukungu.

Namna ya kujua zimekauka ni hii. Chukua mbegu moja katikati ya tabaka, si ya pembeni, uikunje kati ya vidole viwili. Ikipinda na kurudi, bado ina maji. Ikikatika kwa sauti kavu, na kiini chake kikatengana na ganda bila kung'ang'ania, unyevu umeshuka kufikia asilimia 7 au 8 na inaweza kuwekwa akiba. Nakusihi usilipuuze jambo hili, kwa kuwa mbegu yenye unyevu ndani ya gunia huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutengeneza sumukuvu, yaani aflatoksini, inayoharibu ini na kuleta saratani yake. Mtu anayenunua mbegu kwa ajili ya afya akala sumukuvu ametendewa ubaya mkubwa. Kila mbegu yenye madoa meusi, iliyosinyaa au yenye harufu ya uvundo itolewe kwa mkono. Ni kazi ya kuchosha, na akina mama wanaijua vizuri kuliko mashine yoyote.

Katika kukamua, msimenye mbegu zote. Viini visivyo na ganda lolote huteleza ndani ya skrubu ya mashine na kugeuka uji mzito usiotoa mafuta. Acheni sehemu ya maganda, kiasi cha robo hivi, yape skrubu kitu cha kushika. Mbegu ziwe na uvuguvugu wa jua, mashine iende polepole, na pima joto liwekwe pale mafuta yanapotokea: yakizidi nyuzi 50 hadi 60, punguzeni mwendo. Kwa kikundi kisicho na umeme, mashine ya mkono ya aina ya Bielenberg, iliyobuniwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 kwa ajili ya alizeti, nayo inaweza kufanya kazi, ingawa huacha mafuta mengi zaidi kwenye mashudu. Watu wa Steiermark hufanya tofauti kidogo: husaga mbegu, hukanda unga wake kwa maji na chumvi, hukaanga hadi maji yaishe, ndipo wakakamua. Joto hilo hugandisha protini na kuyaachia mafuta yatoke kwa wingi, tena hutia ladha tamu ya kukaangwa, kwa gharama ya kupoteza sehemu ya vitamini. Mimi ningeanza na ukamuaji wa baridi, kisha mjaribu ule wa kukaanga kwa kilo chache, wanunuzi wachague wenyewe.

Mafuta yakitoka huwa na vumbi la mbegu. Yaacheni yatulie ndani ya chombo cha bati lisiloshika kutu au cha kioo, kilichofunikwa, mahali penye giza na ubaridi, kwa siku kadhaa. Kisha mimineni sehemu ya juu taratibu kupitia kitambaa safi cha pamba kilicho kikavu kabisa. Tone la maji likiingia, mafuta yataanza kuwa machungu. Vyombo vya shaba au vya chuma chenye kutu vitaharakisha kuchacha kwake, na mwanga wa jua hali kadhalika, kwa sababu mafuta haya yana chembe za rangi zinazofanana na ukijani wa majani ambazo hupokea mwanga na kuwasha uharibifu. Tumieni chupa ndogo za kioo cheusi au cha hudhurungi, zijazwe hadi shingoni ili hewa isipate nafasi. Chupa za soda zilizotumika msiziguse.

Rangi hiyohiyo ina faida moja kwenu. Mafuta halisi ya mbegu za maboga yakimiminwa membamba juu ya sahani nyeupe huonekana ya kijani, lakini yakitazamwa ndani ya chupa nene huonekana mekundu ya kahawia. Mteja akiwatilia shaka kwamba mmechanganya na mafuta ya alizeti, mmwonyesheni sahani na chupa pamoja. Mwambieni pia asiyakaangie, kwani huungua upesi na kupoteza alichokinunua. Ayamwagie juu ya chakula kilichokwisha kuiva, iwe maharagwe, viazi au mboga ya malakwang.

Mashudu yanayobaki ni chakula chenye thamani. Yana protini nyingi kuliko mbegu yenyewe, yana zinki, na kama nilivyosema yana kukabitini. Ni kweli mashudu yenye maganda mengi hukwaruza koo, hivyo yasagwe laini na kuchekechwa. Unga wake unaweza kuingia kwenye uji wa mtoto aliyekwisha kuanza kula, au kuchanganywa na simsim na karanga katika odi, ambayo hapo Kiryandongo na kaskazini yake haihitaji kutambulishwa kwa mtu. Lakini hapa sharti la ukungu ni kali zaidi, kwa kuwa mbegu ikiwa na sumukuvu, wakati wa kukamua sehemu kubwa ya sumu hiyo hubaki kwenye mashudu, haiendi na mafuta. Na kuhusu minyoo, msiuze unga huu kama tiba. Ushahidi wake kwa watu ni mdogo, na mtu anayeona vipande vya tegu chooni, hasa mlaji wa nguruwe, anapaswa kufika kituo cha afya apewe dawa iliyopimwa.

Sasa mbegu za sukuma wiki. Mliyoyasikia yana asili ya kweli, ila yamehamishwa kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Mwaka 1992, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, Paul Talalay na wenzake walitenga kutoka kwenye brokoli kiambata kinachoitwa sulforafani, kinachoamsha vimeng'enya vya mwili vinavyosafisha sumu. Mwaka 1997 kundi hilo, likiongozwa katika kazi hiyo na Jed Fahey, lilionyesha kwamba machipukizi ya brokoli ya siku tatu yana mama wa kiambata hicho, glukorafanini, kwa wingi wa mara 10 hadi 100 kuliko brokoli iliyokomaa. Na huko Qidong, China, eneo lililosumbuliwa na hewa chafu, watu 291 walishiriki katika jaribio la wiki 12, na waliokunywa kinywaji cha machipukizi hayo walitoa kwa mkojo benzini iliyovunjwa kwa asilimia 61 zaidi ya wengine, kama ilivyochapishwa mwaka 2014. Hiyo ni habari njema ya kusafisha sumu. Bado si uthibitisho kwamba saratani imezuiwa.

Sukuma wiki, kabeji na brokoli ni spishi moja, lakini mbegu zake hazibebi viambata sawa. Sukuma wiki ina glukorafanini kidogo, na badala yake huwa na sinigrini na progoitrini. Hii ya mwisho ikivunjika hutoa goitrini, ambayo huzuia tezi ya shingo kutumia madini joto na inaweza kuleta rovu. Katika sahani ya mboga iliyopikwa kiasi hicho hakimdhuru mtu anayetumia chumvi yenye madini joto. Katika dondoo lililokolezwa kutoka kwenye mbegu, ambako viambata hivi vimejaa kuliko kwenye majani, siwezi kukuambia ni salama. Na ipo hatari iliyo wazi zaidi: mbegu nyingi za mboga zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo zimepakwa dawa ya kuua kuvu, ndiyo maana huwa na rangi ya waridi, samawati au kijani kisicho cha asili. Hizo ni za kupandwa tu. Hazioshwi zikawa chakula, na mifuko yake isiingie jikoni.

Hata kwa brokoli yenyewe kutoa sulforafani si jambo la kuponda na kuchuja. Glukorafanini hukaa ndani ya seli ikiwa imetengwa na kimeng'enya kiitwacho mairosinesi. Mbegu ikipondwa viwili hivyo hukutana na sulforafani huzaliwa, nayo ikishazaliwa huanza kuharibika, hasa palipo na joto. Ndiyo maana wataalamu hutumbukiza mbegu au machipukizi kwenye maji yanayochemka: joto huua kimeng'enya, glukorafanini hutoka kwenye maji ikiwa salama, na kimeng'enya hurudishwa baadaye. Jikoni kuna njia rahisi inayofuata kanuni hiyohiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walionyesha mwaka 2018 kwamba gramu 1 ya unga wa mbegu za haradali ikinyunyizwa juu ya gramu 200 za brokoli iliyopikwa, sulforafani inayopatikana mwilini huongezeka zaidi ya mara nne, kwa sababu haradali huleta kimeng'enya kilichouawa na moto. Haradali ipo kwenye maduka ya viungo ya Kihindi mijini, na inauzwa kama chakula.

Mtu akiwashawishi mwoteshe machipukizi ya kuuza mabichi, kataeni kwanza. Unyevu na joto vinavyootesha mbegu huotesha pia bakteria, na mwaka 2011 machipukizi ya uwatu huko Ujerumani yaliwafanya watu karibu 4,000 waugue na kuua zaidi ya 50. Mahali ambapo maji ya kisima hayajapimwa, sioni namna ya kulifanya kwa usalama.

Kuhusu doodo, mafuta ya mbegu zake yana skwalini nyingi ajabu, kati ya asilimia 6 na 8, lakini mbegu yenyewe ina mafuta asilimia 5 hadi 8 tu, na hakuna mashine ya kijijini itakayoyatoa. Zikaangeni kidogo, zisageni, pikeni uji.

Mwisho kuna suala la maneno ya kuandika kwenye chupa. Nchini Uganda bidhaa ya chakula husimamiwa na shirika la viwango, UNBS, na chochote kinachodai kutibu ugonjwa huingia mikononi mwa mamlaka ya dawa, NDA. Dawa za asili nazo zina sheria yake ya mwaka 2019. Mkiandika "hutibu tezi dume" mmejigeuza watengenezaji wa dawa bila kibali. Lakini sababu inayonigusa zaidi si ya kisheria. Saratani ya tezi dume ni miongoni mwa zinazowapata zaidi wanaume wa Uganda, na dalili zake za mwanzo, zikiwepo, hufanana na za uvimbe wa kawaida. Mzee anayenunua chupa yenu na kutulia nayo mwaka mzima anaweza kufika hospitali ya Mulago akiwa amechelewa. Kwa hiyo kila mwanaume anayewajia akilalamika mkojo, mmuuzie mbegu, na papo hapo mmwambie aende akapimwe.

Kwenye chupa andikeni "Mafuta ya mbegu za maboga, yaliyokamuliwa bila kiyeyusho", tarehe ya kukamua, muda wa miezi sita, na "yawekwe mbali na jua". Kabla ya kuuza toleo la kwanza, pelekeni sampuli mbili kwenye maabara ya UNBS, Bweyogerere, au mwanzie kwa ushauri wa taasisi ya utafiti wa viwanda, UIRI, pale Nakawa. Kwa mafuta ombeni wapime peroksidi na asidi, vipimo vinavyoonyesha kama yameanza kuharibika. Viwango vya kimataifa vya mafuta yaliyokamuliwa kwa baridi huruhusu peroksidi isiyozidi 15 na asidi isiyozidi 4. Kwa mashudu ombeni unyevu na sumukuvu. Kipimo cha kujilinganisha nacho ni kile ambacho viwango vya Afrika Mashariki vimewekea mahindi, yaani jumla isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni, na sumukuvu ya aina ya B1 isiyozidi 5. Matokeo ya mashudu yakizidi hapo, msiuze hata mafuta ya toleo hilo. Rudini kwenye chekeche za kuanikia.